Mtindi, Togwa na Utumbo Mgonjwa: Mwongozo Kamili wa Kuanza Bila Kulichokoza Tumbo

"Niliambiwa ninywe mtindi, nikanywa, tumbo likachafuka kuliko mwanzo." Malalamiko haya yanarudi tena na tena kutoka kwa watu wenye magonjwa sugu ya utumbo, na ukiwahoji vizuri utakuta simulizi zinafanana. Siku aliyoanza mtindi ndiyo siku aliyoacha ngano, akaacha na dawa, akaongeza unga wa mbegu alioelekezwa na jirani. Akanywa glasi nzima ya mtindi wenye sukari na ladha ya vanila, na tumbo lenyewe tayari linaharisha. Usiku likanguruma, asubuhi hali ikawa mbaya, na lawama zote akabebeshwa mtindi.

Kinachowaangusha wengi ni mpangilio. Vyakula vilivyochachushwa vina nafasi yake, lakini vinakuja mwisho, baada ya tumbo kutulia na baada ya wewe kujua ni vyakula gani vinakuumiza. Hatua hizi zinawafaa wenye IBS, yaani utumbo unaouma na kusumbua ingawa vipimo havionyeshi kidonda, na pia wenye kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn (magonjwa sugu yanayoleta uvimbe na vidonda utumboni) ambao dawa zimeshautuliza. Hakuna hatua hata moja hapa inayochukua nafasi ya dawa.

## Vitu vya kuandaa

- Majibu ya hospitali yanayotaja jina la ugonjwa wako.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, mradi unaandika siku hiyohiyo.
- Kijiko cha chai, kijiko cha chakula na kikombe cha kupimia, vilevile kila siku.
- Maziwa freshi lita 1.
- Mtindi mtupu wa dukani, usio na sukari wala ladha, ulioandikwa kwamba una bakteria hai. Huu ndio mbegu, yaani wa kugandishia maziwa.
- Hotpoti ya lita 1 au 2 na blanketi au kanga nzito.
- Unga wa sembe na kimea cha ulezi, kama utatengeneza togwa.
- Pakiti za ORS, zikae ndani ya nyumba hata kama leo hujambo.

## Hatua ya 1: Jua jina la ugonjwa

Kuharisha, gesi na maumivu ni dalili za magonjwa mengi, na kwetu orodha ni ndefu zaidi: amiba, giardia, kichocho cha tumbo, kifua kikuu cha utumbo, VVU. Kifua kikuu cha utumbo kinaweza kufanana sana na ugonjwa wa Crohn, hata kwa daktari anayeangalia kwa kamera. Tofauti hiyo ni ya kufa na kupona, kwa sababu dawa za Crohn hushusha kinga ya mwili, na kifua kikuu kinachoshushiwa kinga husambaa.

Kwa hiyo anza na kipimo cha choo na cha damu. Kama hospitali yako inacho, omba kipimo cha kalprotektini kwenye choo. Kiwango kikiwa juu, utumbo una uvimbe na unahitaji uchunguzi zaidi. Kikiwa chini, uwezekano wa Crohn au kolaitisi hupungua sana na IBS huwa karibu zaidi.

Tabia moja inanisikitisha: kumeza Flagyl kila tumbo linapovuruga. Dawa hiyo ina kazi yake ikiandikwa kwa sababu inayojulikana. Ikimezwa ovyo, inaua pia bakteria wazuri unaotaka kuwalea kwa mtindi.

Onyo. Usianze mlo wowote wa majaribio, nenda hospitali kwanza, ukiwa na damu kwenye choo, unapungua uzito bila kutaka, una homa, unaamshwa usiku na kuharisha, una upungufu wa damu, au dalili zimeanza ukiwa umeshavuka miaka 45.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "Nina ugonjwa fulani, sasa umetulia au haujatulia, na dawa zangu ni hizi."

## Hatua ya 2: Andika wiki mbili bila kubadilisha chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Kula kama kawaida yako, ila andika saa, chakula, kiasi, na kilichotokea: gesi, maumivu, umekwenda choo mara ngapi, choo kilikuwaje. Andika pia usingizi na msongo wa mawazo, maana utumbo na ubongo vina mawasiliano ya karibu. Kwa wanawake, andika na siku za hedhi, kwa sababu wengi dalili huzidi kipindi hicho.

Bila rekodi hii hutajua kama umepata nafuu. Aliyekuwa anakwenda choo mara sita akishuka hadi nne amepiga hatua, lakini kama hakuandika atakwambia, "Bado naharisha tu."

Angalia chai ya maziwa. Wengi hawaihesabu kama chakula. Vikombe vitatu kwa siku ni maziwa mengi kwa mtu mzima ambaye mwili wake hausagi vizuri laktosi, ile sukari ya maziwa, na sisi Waafrika watu wazima wa namna hiyo ni wengi.

## Hatua ya 3: Litulize tumbo kwanza

Kuna sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, zinashuka hadi utumbo mpana, na bakteria wanazichachusha haraka na kutoa gesi. Mtu mwenye utumbo wa kawaida hupata gesi kidogo tu. Mwenye IBS husikia maumivu makali. Chuo Kikuu cha Monash huko Australia ndicho kilichojenga mlo wa kupunguza sukari hizi. Muda wake ni wiki 2 hadi 6, hauongezwi.

Kwa jikoni kwetu, punguza hivi:

Kitunguu maji na kitunguu saumu. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa kuwa kila mchuzi unaanzia hapo. Kuvitoa vipande baada ya kupika hakusaidii, sukari yake imeshayeyuka ndani ya maji ya mchuzi. Lakini sukari hiyo haiyeyuki kwenye mafuta. Basi kaanga saumu kubwa kubwa kwenye mafuta matupu, zikishatoa harufu zitoe zote, ndipo uweke nyanya na kitu chochote chenye maji. Ladha inabaki. Majani ya kijani ya kitunguu yanafaa pia, sehemu nyeupe iache. Tangawizi, bizari, binzari nyembamba, giligilani na ndimu havina shida kwa walio wengi.

Ngano. Chapati, maandazi, mkate, tambi. Badili kwa wali, ugali, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika. Watu wa pwani mna bahati: vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina vinakaa vizuri mahali pa maandazi, ila tumia tui jepesi. Tui zito lina mafuta mengi, nayo mafuta mengi huwaharisha baadhi ya watu.

Maziwa freshi. Kunywa chai ya rangi.

Maharage, kunde, dengu, njegere. Ziache kwa muda huu.

Matunda. Embe, tikiti maji na tufaha weka pembeni. Papai, nanasi, chungwa na ndizi isiyoiva sana vinavumilika, tunda moja au kipande kimoja kwa mlo.

Mboga zipo: sukuma wiki, mchicha, karoti, bilinganya, tango. Samaki, kuku, nyama isiyo na mafuta na mayai havina sukari hizi kabisa. Pilipili kali acha, hata kama haimo kwenye kundi hili, kwa sababu huwasha utumbo ambao tayari una hisia kali.

Kwa wenye Crohn au kolaitisi. Mlo huu hauponyi uvimbe wala vidonda. Unasaidia gesi na maumivu yanayobaki hata ugonjwa ukishatulia, ambayo ni ya kawaida sana. Na kama umeambiwa utumbo wako una sehemu iliyosinyaa, jihadhari na nyuzinyuzi ngumu: nyuzi za embe, muwa, mahindi ya kuchoma, maganda ya matunda, mboga mbichi. Zinaweza kukwama. Tumia sembe badala ya dona, na pika mboga hadi zilainike.

Onyo jingine. Kama umeshakonda, una mimba, au mgonjwa ni mtoto, usifanye hatua hii bila mtaalamu wa lishe. Na usibaki humu miezi na miezi. Sukari hizi ndizo chakula cha bakteria wazuri, ukizikata moja kwa moja na wao wanapungua.

Umefanikiwa kama gesi na maumivu yamepungua waziwazi ukilinganisha na daftari la hatua ya 2. Zikipita wiki 6 bila mabadiliko, basi chakula hiki si chanzo. Rudi kwenye mlo wako wa kawaida na umwone daktari.

## Hatua ya 4: Rudisha chakula kimoja kimoja

Lengo ni kula vingi kadiri tumbo linavyoruhusu. Kwa kila chakula tumia siku tatu: siku ya kwanza kidogo, ya pili mara mbili yake, ya tatu kiasi unachokula kawaida. Kisha pumzika siku mbili au tatu kabla ya kujaribu kingine. Wakati wote huo, mlo mwingine ubaki kama wa hatua ya 3.

Anza na maziwa freshi: robo kikombe, nusu, kikombe. Halafu mkate. Halafu embe. Kitunguu kijaribu peke yake, kijiko cha chakula kilichokatwakatwa ndani ya mchuzi.

Maharage yanahitaji matayarisho. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena maji ya kwanza, ndipo upike. Sukari zake zinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kila unapomwaga unapunguza gesi. Anza na vijiko viwili vya chakula. Najua inauma kumwaga mchuzi wa maharage, lakini ndani ya mchuzi huo ndimo yalimo mateso.

Mtu mmoja atashindwa na maziwa na kula chapati bila tabu, mwingine kinyume chake. Usinakili orodha ya mwenzako.

## Hatua ya 5: Tengeneza mtindi wa saa 24

Mtindi wa nyumbani una faida mbili: unajua kilichomo, na unauacha uchachuke muda mrefu. Bakteria wake hula laktosi na kuigeuza asidi. Kadiri unavyoacha, ndivyo laktosi inavyopungua. Hata ile inayobaki husagwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu bakteria hao wana kimeng'enya cha kuivunja na wanaendelea na kazi ndani ya utumbo wako.

1. Chemsha maziwa lita 1 hadi yaanze kupanda, punguza moto, acha dakika 5 hadi 10 huku unakoroga. Hii huua vijidudu na kufanya mtindi uwe mzito. Hata maziwa ya pakiti yachemshe.

2. Yapoze hadi nyuzi joto 43 hivi. Kama huna kipimajoto, chovya kidole kilichonawishwa: ukiweza kuhesabu hadi kumi bila kukitoa, na bado unasikia joto la kutosha, yako tayari. Watu wanaharibu hapa kuliko mahali pengine popote. Maziwa ya moto sana yanaua mbegu, na kesho yake unakuta maziwa vilevile. Ya baridi mno hayagandi, na vijidudu vingine vinapata nafasi.

3. Changanya mbegu. Chukua vijiko viwili vya chakula vya mtindi mtupu, koroga na maziwa kidogo kwenye kikombe hadi vilainike, kisha mimina yote na koroga taratibu. Usiongeze mbegu ukidhani utaganda haraka. Ukizidisha, unakuwa na chembechembe na maji.

4. Weka kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Funga, funika kwa blanketi, usiitikise. Dar au Mombasa inatosha kuiweka jikoni. Njombe au Limuru kwenye baridi, iweke ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu na uyabadilishe yanapopoa.

5. Subiri saa 24. Utaganda ndani ya saa 6 hadi 10, lakini usitoe. Muda unaobaki ndio unaopunguza laktosi. Baada ya hapo weka kwenye friji na utumie ndani ya wiki moja. Kabla ya kula, toa vijiko viwili viwe mbegu ya safari ijayo. Mbegu ikianza kutoa mtindi mwepesi au wenye harufu tofauti, nunua mpya.

Umefanikiwa kama mtindi umeshikana, una uchachu mkali na safi, na una maji ya kijani-njano juu. Maji hayo ni ya kawaida.

Tupa bila huruma ukiona rangi ya waridi, ukungu, utelezi unaovutika kama kamasi, au ukisikia harufu ya kuoza. Usionje.

Na hili nalisisitiza: maziwa mabichi yaliyoachwa yagande yenyewe hayamfai mgonjwa wa utumbo, hata kama babu aliyanywa maisha yake yote. Yanaweza kubeba brusela, ambayo huleta homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Anayetumia maziwa lala, mursik au ikivuguto aendelee, ila maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa.

## Hatua ya 6: Anza na kijiko, si glasi

Ugonjwa uwe umetulia. Dawa zinaendelea. Hakuna chakula kingine kipya wiki hiyo.

Siku 3 za mwanzo, kijiko kimoja cha chai, pamoja na mlo. Siku 3 zinazofuata, kijiko kimoja cha chakula. Kisha vijiko viwili, kisha robo kikombe, kisha nusu. Wengi wanaishia kati ya nusu kikombe na kikombe kimoja kwa siku, na hakuna sababu ya kuzidi hapo. Usiweke sukari wala asali. Ukitaka ladha, ponda ndizi isiyoiva sana.

Gesi kidogo ya ziada wiki ya kwanza ni kawaida. Ikizidi, rudi kipimo cha nyuma ukae hapo wiki nzima, usiache kabisa. Ukipata damu, homa, au kuharisha kwa siku tatu mfululizo, simamisha na uende hospitali.

Onyo kubwa. Kama unatumia prednisoloni, azathioprini au sindano za kushusha kinga, muulize daktari wako kabla ya kula chochote chenye bakteria hai kilichotengenezwa nyumbani. Kwa kinga iliyoshuka, hata bakteria wasio na madhara kwa wengine wanaweza kuleta shida.

Mtarajie nini? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia watu wazima 36 wenye afya. Waliokula vyakula vingi vilivyochachushwa kwa wiki 10 waliongeza aina za bakteria utumboni, na viashiria kadhaa vya uvimbe kwenye damu vilishuka. Hiyo inatia moyo. Lakini walikuwa watu wenye afya, wala hakuna aliyeponywa Crohn. Anayekuuzia mtindi kama tiba ya kolaitisi anakudanganya, na wapo walioacha dawa kwa maneno kama hayo wakaishia kulazwa.

## Hatua ya 7: Togwa kwa wasioweza maziwa

Hata mtindi wa saa 24 kuna wanaoushindwa. Kwao kuna togwa, ambayo haina laktosi kabisa, na wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua tangu utotoni.

Pika uji mzito wa sembe: kikombe kimoja cha unga kwa lita 1 na nusu ya maji, dakika 20. Uache upoe hadi kipimo kilekile cha kidole. Weka vijiko vitatu vya chakula vya kimea cha ulezi na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa mwepesi. Hiyo ni dalili nzuri, vimeng'enya vya kimea vinavunja wanga. Kama haulegei, kimea ni cha zamani au uji ulikuwa wa moto mno.

Funika, acha saa 12 hadi 24. Ikiwa na uchachu mwepesi na utamu kidogo, weka kwenye friji na umalize ndani ya siku mbili. Ikizidi hapo inaanza kuwa pombe. Chagua kimea kikavu kisicho na ukungu wala harufu ya vumbi. Kipimo cha kuanzia ni vijiko viwili vya chakula, na unapanda kama kwenye mtindi.

Kimea hakipikwi baada ya kuwekwa, hivyo onyo la walioshushwa kinga ni kali zaidi hapa. Wao wachemshe togwa baada ya kuchacha. Bakteria watakufa, lakini uji utabaki mwepesi na rahisi kusagika. Ndivyo ulivyo pia uji wa kuchacha, ambao hupikwa baada ya kuchachushwa: ni chakula kizuri, ila usiuhesabu kama chanzo cha bakteria hai.

## Hatua ya 8: Ugonjwa ukiamka

Utaamka siku moja, hata ukifanya yote sawasawa. Simamisha mtindi, togwa, dona, maharage na mboga mbichi. Kula wali laini, viazi vilivyopondwa, uji wa sembe, samaki wa kuchemsha, mayai, supu isiyo na mafuta, milo midogo mara tano au sita. Utarudi kijiko cha chai cha hatua ya 6 utakapotulia.

Maumivu yakikushika, tumia paracetamol. Diclofenac na ibuprofen, ambazo duka lolote la dawa litakupa, zinaweza kuuamsha ugonjwa au kuuzidisha.

Maji yanayopotea yarudishe kwa ORS. Kama pakiti zimeisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usikadirie kwa macho, chumvi ikizidi ni hatari.

Kwa wanaofunga Ramadhani: usianze hatua ya 3 wala ya 6 mwezi huo. Saa za kula zinageuka, futari inakuja na vitu kumi mezani, na daftari halitakwambia kitu. Ugonjwa ukiwa umeamka, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Saa za dawa zipange na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nenda hospitali usiku huohuo ukienda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku huku una homa au moyo unakwenda mbio, au tumbo likivimba, unatapika na hutoi hata hewa. Chukua daftari lako na dawa zote unazomeza, pamoja na za mitishamba, umwonyeshe daktari wa zamu.